Kitabu Nilichokitoa Begini Mwako

Rukia mwanangu,

Dua za mamako zikutangulie njiani, zikukute umefika. Kile kitabu nimekitia begini mwako mara mbili leo, na mara mbili nimekitoa. Sasa kiko hapa mezani karibu na kibakuli cha hina, kina alama ya kidole changu kwenye jalada, nami sijui nikifanye nini. Wewe umekwenda Bondeni kumuaga nyanyako, babako yuko msikitini anangoja Isha, na mimi nimebaki na begi lako lililo wazi na kitabu cha kufundisha watu mitandao. Mtu akiingia sasa atadhani msafiri ni mimi.

Mambo ya kula na kuvaa sitayaandika. Umekuwa mtu mzima, umesoma mambo ya maabara pale Buxton mpaka ukaajiriwa, na huko Kisumu kuna maduka kama huku. Ya sala pia sitayaandika, kwa sababu siku hizi wewe ndiwe unayeniamsha mimi. Ninalotaka kukwambia limo ndani ya kitabu hiki, au limo nje yake, na ndiyo maana nimekaa na kalamu badala ya kukwambia mdomoni. Mdomoni ningeanza, wewe ungesema "Haidhuru, Mama", na mazungumzo yangekuwa yamekwisha.

Unakumbuka nilivyokinunua. Wewe ulikuwa umeshasema utanifundisha, na kweli ulijaribu. Lakini kidole chako kilikuwa kinakwenda mbio kwenye ile simu, unasema "hapa, halafu hapa, halafu hapa, umeona?", nami naitikia "ehe" na sikuona kitu. Nilipokuuliza mara ya tatu ulishusha pumzi. Hukusema neno baya, ulishusha pumzi tu, na mimi nikasema kichwa kinaniuma, tuendelee kesho. Kesho yake nikapita kwa yule muuza vitabu vya mitumba kule Bondeni, nikakiona, rangi ya machungwa, kwa ajili ya wanaoanza. Nikakinunua kwa sababu kitabu hakishushi pumzi. Unaweza kukiuliza jambo lile lile mpaka uchoke wewe.

Na haja nilikuwa nayo, isidhaniwe ulikuwa mchezo wa mtu mzima. Tangu wewe hujazaliwa napaka maharusi hina. Zamani mtu alitumwa kwangu na shangazi yake, au na mamake niliyempaka mwenyewe. Kisha wateja wakaanza kupungua. Binti mmoja wa mtaa huu huu, ambaye mamake nilimpaka kuanzia vidole hadi viwiko, alivuka daraja akaenda Nyali kupakwa na msichana aliyemwona kwenye simu. Nilikwenda harusini, nikaitazama ile hina yake, nikasema mashaallah. Ilikuwa nzuri, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Basi nikakisoma. Kimeandikwa na mtu asiyetujua. Katika mifano yake mtu humpiga picha mbwa wake, kisha chakula chake, kisha yeye mwenyewe akiwa ufukweni. Mbwa nitamtoa wapi mimi Mji wa Kale? Na simu zilizochorwa ndani zilikuwa za zamani. Kitabu kikisema bonyeza pale juu, upande wa kulia, kwangu upande wa kulia hapana kitu. Lakini nilikisoma kwa adabu kama nilivyosoma msahafu chuoni nikiwa mdogo, mkono safi, mgongo wima, na nikaliamini kila neno kwa kuwa limechapwa. Hata leo sijui imani hiyo niliitoa wapi. Jirani akiniambia jambo humuuliza mara kumi amelisikia kwa nani. Kitabu sikukiuliza.

Somo la nne lilisema onyesha kazi yako, mteja hataki asichokiona. Na mimi wateja wangu siwapigi picha. Unakijua chumba changu. Kabla bibi harusi hajakunja mkono wa nguo, mimi nashusha pazia na kuuliza ndani kuna nani. Wavulana waliokwisha kupata akili wanatoka, simu zinawekwa kwenye kile kikapu cha ukindu, na apigaye hodi anangoja. Hata mama mkwe huyafuata hayo bila kuambiwa. Hiyo ndiyo kazi yangu hasa; kuchora maua anaweza yeyote mwenye mkono mtulivu. Sasa picha ningeipata kwa nani? Nikakuita wewe.

Ulikaa, ukanyoosha miguu juu ya mkeka. Ulipoona nimekoroga na ile rangi nyeusi ukarudisha miguu.

"Mama, piko? Mimi?"

"Ni ya picha tu," nikakwambia. "Uso hautaonekana."

Rukia, wasichana wangapi nimewafukuza mlangoni kwangu kwa neno hilo? Wanakuja wakati wa Idi wakitaka hina nyekundu na piko nyeusi mpaka vifundoni kama walivyoona kwa wenzao, nami nawapaka ua moja la hina kiganjani na kuwaambia piko ni ya siku yenu, ngojeni siku yenu. Nimesema hivyo mpaka mamake Fulani na mamake Fulani wananiita mkali. Mwandishi wa kitabu hakujua kwamba kwetu msichana asiyeolewa hapakwi hivyo, wala simlaumu. Mimi nilijua. Lakini siku ile nilikuwa mwanafunzi, na mwanafunzi husahau anayoyajua akashika anayofundishwa. Au najitetea. Sielewi vizuri mpaka leo.

Nikakupaka, nikapiga picha, miguu na mikono, nikaiweka mtandaoni. Kitabu kilionyesha alama ya watu wawili, maana yake marafiki tu. Kwangu palikuwa na alama ya dunia, nikadhani inaniambia kuwa mtandao umeshika, nikafurahi. Kisha maneno yakaanza kuingia. Kitabu kilisema mjibu kila anayekuandikia, usimwache mtu. Nikakaa pale dirishani nikawajibu mmoja mmoja, amin, ahsanteni, amin, na ua, na moyo mwekundu. Miwani ilikuwa chumbani, nami niliona uvivu kuinuka. Yupo aliyeandika "mbona kimya kimya hivyo?" Naye nilimpa moyo.

Alfajiri babako akarudi kutoka msikitini ameshikwa mikono na kupewa hongera na kila mtu. Akasimama mlangoni na viatu mkononi, akaniuliza ameozesha lini.

Nilidhani kwa kuwa uso haupo hujulikani. Akaunti ina jina langu, na binti ninaye mmoja. Walihitaji uso wa nini?

Baadaye nikagundua kwamba somo la nani anaona kile unachokiweka lipo, tena zuri, limeelezwa vizuri hata ile alama ya dunia, kwamba maana yake ni watu wote. Liko mwisho kabisa wa kitabu, baada ya masomo yote ya kuonyesha. Nimelisoma mara nyingi tangu siku ile, na kila nikilisoma nachanganyikiwa upya. Kama ningekisoma chote kabla ya kugusa simu, yasingetokea. Kama nisingekisoma kabisa, yasingetokea vile vile. Nilisoma nusu. Sasa niseme kitabu hakifai, au mimi sifai? Babako nilipomuuliza alisema yeye simu yake ni ya vibonyezo na haina maswali kama hayo.

Na usidhani nataka kukilaani. Ukurasa fulani umeandikwa kwamba mtu akikupigia na kukutaka umtajie tarakimu zilizoingia kwenye simu yako, usimtajie hata akijiita nani. Wiki ile ile nilipigiwa na mwanamume mwenye sauti ya ustaarabu, nikamwambia miwani yangu imepotea, nikakata. Mamako mdogo Zuena, ambaye hakusoma kitabu chochote na hunicheka mimi, alimtajia zote, na kwa siku kadhaa mtu asiyemjua akawa anawaomba marafiki zake wamsaidie kwa jina lake. Kwa hiyo kitabu kiliniokoa na mgeni. Hakikuniokoa na mimi mwenyewe, lakini labda hiyo haikuwa kazi yake.

Picha niliitoa. Watu niliwaeleza, nyumba kwa nyumba, mpaka sauti ikanikauka. Walinielewa, au walisema wamenielewa. Wale wa Kibokoni, waliokuwa wameshatia neno juu yako kwa ajili ya kijana wao, walileta salamu nzuri sana na hawakuja tena. Miezi michache baadaye kijana akaoa kwingine. Nilikuletea habari, nawe ulikuwa unapiga pasi. Ukasema "Haidhuru, Mama", ukageuza nguo upande wa pili.

Neno hilo nimeishi nalo na sijui maana yake. Labda hukumtaka, na picha yangu ilikuondolea udhia. Labda ulimtaka, ukanistahi. Nimekutazama ukila, ukicheka, ukilala, nitafute jawabu, na sikulipata. Kuna ile jioni tulipokwenda ufukweni Mama Ngina kula mihogo. Mwanamke mmoja alitupita na watoto wake, akarudi, akakushika bega akasema amesikia umeshatulia, Mungu akupe kizazi chema. Wewe ulimshukuru kwa upole. Kisha ukavuta mkono wa buibui mpaka ukafunika vidole, ukaendelea kula muhogo kwa mkono uliofunikwa, na pilipili ikaingia kwenye nguo. Piko ilikuwa imeshatoka zamani. Hapakuwa na cha kuficha pale. Nilitaka kusema neno, nikasema upepo umezidi, turudi.

Halafu ukaomba kazi Kisumu. Mombasa nzima ina hospitali, na wewe ukaomba Kisumu.

Mwezi uliopita, siku moja nilitaka kukuandikia ulete maziwa ukirudi, nikafungua pale penye jina lako. Ile picha yako ya mahafali haikuwepo. Palikuwa na kile kivuli cha kijivu, kichwa na mabega, kisicho na macho wala mdomo. Nikafanya kosa lile lile: nikakimbilia kitabu. Kikasema ukiona picha ya mtu imetoweka, huenda amekublok, hataki umwone wala umfikie. Kilisema pia dalili nyingine ni ujumbe kubaki na tiki moja. Basi sikukutumia ujumbe wowote tangu siku ile, kwa kuogopa kuiona hiyo tiki moja. Nikawa nakuita kwa sauti kutoka juu ya ngazi, mpaka majirani wakajua kila tunachokihitaji, nawe ukaniuliza kwa kunitania kama simu yangu imefariki. Nikacheka. Tulikuwa tunalala nyumba moja, tunakula sinia moja, na mimi nikiamini kwamba umenifungia mlango na kwamba unangoja treni tu uwe mbali nami. Nilikuwa nataka kukuuliza kila siku. Nikiona uso wako mchangamfu nasema pengine si kweli; nikikiona kile kivuli nasema kitabu hakina sababu ya kunidanganya.

Leo baada ya Alasiri Zuena alileta zile kaimati zako za njiani. Ulikuwa unaoga. Akatoa simu akasema akuandikie dua ya safari kabla hajasahau, nami nikachungulia begani kwake. Kivuli kile kile. Nitakwambia kweli, nilifurahi kidogo kwamba si mimi peke yangu.

"Nawe pia amekublok?" nikamuuliza.

"Aniblok kwa lipi? Yuwanijibu kila siku." Akanigeuzia simu nione. "Picha ndiyo aloitoa. Ameitoa kwetu sote, tangu watu walipokuwa wamuuliza mumewe ni nani. Kwani wewe hukujua?"

Sikujua. Kitabu kilikuwa na sababu mbili tatu za picha kutoweka, na hiyo haikuwemo: kwamba mwenyewe amechoka kutazamwa.

Zuena alikwenda zake, nami nikakaa juu ya begi lako. Ningepaswa kushukuru. Hukunifungia, mwezi mzima nimejitesa bure. Lakini haikuja shukrani. Nikaona afadhali ungeniblok mimi, mimi niliyekosa, ukabaki na uso wako kwa watu wengine. Umeuondoa uso wako mbele ya marafiki zako wa shule, mbele ya walimu wako, mbele ya nyanyako ambaye hufunguliwa simu kila Ijumaa akuone, ati kwa sababu mamako alitaka kuonyesha kazi yake.

Na katika kuzunguka kote kule nyumba kwa nyumba, mama wa Kibokoni nilimwomba radhi, jirani wa juu nilimwomba radhi, babako nilimwomba radhi. Wewe sikukuomba. Nilidhani kwa kuwa u mwanangu imo ndani. Haimo. Nisamehe, Rukia. Ulisema "Mama, piko? Mimi?" na hilo lilikuwa jibu, nami sikulisikia kwa kuwa nilikuwa na kitabu mkononi.

Sina wosia wa mitandao. Wewe unaijua kuliko mimi, na kuliko aliyeandika. Nina lile tu la chumbani kwangu, nalo unalijua tangu ukiwa mdogo unanishikia kibakuli: uliza kwanza ndani kuna nani, ndipo mtu akunje mkono wa nguo. Nililifanya maisha yangu yote kwa watoto wa watu. Siku nilipolisahau, aliyekuwa amekaa juu ya mkeka ni wewe. Sijui kama linatosha huko uendako, mahali ambapo hakuna pazia na hodi haipigwi. Labda halitoshi. Lakini ndilo nililonalo, na silo la kusoma.

Kama hukumtaka yule kijana, usiniambie, nitafurahi kupita kiasi na kutembea nalo mtaani. Kama ulimtaka, siku moja uniambie, hata nikiwa kizee, nami nitanyamaza na kukusikiliza. Sitaki tena kusikia haidhuru. Limedhuru.

Kitabu nimeamua kibaki huku. Hukihitaji, na mimi bado sijasoma somo la kupigiana simu mkiwa mnaonana, nami nataka nilijue kabla ya Ijumaa, kwa ajili ya nyanyako. Najua vibonyezo vitakuwa vimehama tena. Safari hii nitakisoma chote mpaka jalada la nyuma kabla ya kugusa kitu, na pale kisiponielewa nitakupigia wewe nikuulize mara tatu, ushushe pumzi upendavyo. Barua hii naitia pale kilipokuwa, kati ya kanga mbili za chini.

Nasikia babako anapanda ngazi, na wewe hutakawia. Nitalifunga begi ili usione kwamba nimelifungua.

Ukifika usihangaike kuniandikia kwamba umefika. Siku utakayokuwa tayari, iwe wiki ijayo au mwaka ujao, weka picha pale penye kile kivuli. Uso wako tu, uwe umecheka au umenuna. Nitakuwa naangalia, mwanangu, na sitabonyeza kitu.

Mamako